CHAJA YA LAPTOPU IKILEGEA: MAHALI PA KUTAFUTA NA NAMNA YA KUUNGANISHA



Katika mikutano ya vijana na ya vikundi vya akina mama, swali moja linarudi kila mara: "Nikichomeka chaja, inashika na kuachia. Nikikunja waya hivi umeme unaingia, nikiondoa mkono unakata. Nifanye nini?" Somo la toleo hili ni jibu la swali hilo.

Laptopu moja kambini si ya mtu mmoja. Ndiyo inayoandika barua za kikundi, ndiyo anayosomea kijana aliyepata nafasi ya chuo, ndiyo inayotunza orodha ya waliochangia akiba. Betri zake nyingi zimezeeka, kwa hiyo umeme ukikata hata sekunde moja, mashine inazima na kazi inapotea. Tena nyumba zetu ni za turubai, miti na matope. Waya unaotoa cheche juu ya godoro la sponji unaweza kuchoma nyumba, na nyumba ya jirani pia.

UMEME UNAPITA WAPI

Kabla ya kushika kisu, ujue njia. Kuna plagi ya ukutani na waya wake mnene. Kuna boksi, ambalo linapokea umeme wa volti 240 na kutoa volti 19 au 20. Kutoka boksini kuna waya mwembamba wenye pini mwishoni. Pini inaingia katika tundu la laptopu, na nyuma ya tundu kuna mahali lilipounganishwa na ubao wa ndani. Kulegea kunaweza kuwa popote katika njia hiyo. Wengi wanalaumu tundu la laptopu moja kwa moja, kumbe mara nyingi waya umekatika ndani ya ngozi yake, pale shingoni unapotoka kwenye boksi au unapoingia kwenye pini. Hapo ndipo waya unapokunjwa kila siku.

Kwa nini maungio yaliyolegea yanapata joto? Soma karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Mara nyingi utakuta imeandikwa kwamba linatoa volti 19 na ampea 3.42. Zidisha namba hizo mbili, utapata kama wati 65. Maungio mazuri yanapitisha umeme huo bila kizuizi cha kuhesabika. Yakilegea na kuwa na kizuizi cha omu 1 tu, volti zaidi ya 3 zinapotea njiani, na wati zaidi ya 11 zinageuka kuwa joto mahali padogo kama punje ya mahindi. Chuma kidogo cha fundi redio cha kuyeyushia risasi kina wati 25 au 30. Yaani shingo ya chaja yako inabeba karibu nusu ya joto la chuma hicho, na wewe umeiweka juu ya blanketi. Ukigusa pini ukakuta inaunguza kidole, chomoa ukutani hapo hapo.

PLAGI ZA KONGO KATIKA SOKETI ZA UGANDA

Jambo hili nalitanguliza kwa sababu ni letu hasa. Wengi wetu tuliingia kwa mpaka wa Mpondwe, na vyombo tulivyobeba, au vilivyonunuliwa Beni, Butembo na Kasindi, vina plagi ya Kongo yenye miguu miwili ya mviringo. Soketi za Uganda, Bwera na Kasese na kwingineko, zina matundu matatu ya pembe nne kama za Uingereza. Umeme wenyewe hauna ugomvi. Kongo ni volti 220 na Uganda ni volti 240, na boksi lililoandikwa 100-240 linakubali zote mbili. Ugomvi ni wa miguu na matundu.

Soketi ya Uganda ina vifuniko vidogo ndani, vinavyoziba matundu mawili ya chini mpaka mguu mrefu wa juu uingie. Basi watu wanafanya nini? Wanachukua kijiti, kalamu ya bic, hata msumari, wanausukuma katika tundu la juu ili vifuniko vifunguke, kisha wanasukuma miguu ya mviringo kwa nguvu. Utaona jambo hili karibu kila duka la kuchajisha simu. Msumari ni hatari ya wazi. Lakini hata ukitumia kijiti, mguu wa mviringo katika nafasi ya pembe nne unagusa chuma kwa ukingo tu. Unashika na kuachia. Cheche zinapiga, chuma kinakuwa cheusi, plastiki ya soketi inayeyuka taratibu, na mwenye chaja anadhani laptopu yake ndiyo mbovu.

Dawa yake ni rahisi. Nunua kibadilishi cha plagi kilicho kizito na kinachobana vizuri, au nunua waya mnene mpya wenye plagi ya pembe nne. Waya huo unachomoka kwenye boksi, kwa hiyo huna haja ya kununua chaja nzima. Angalia tu tundu la nyuma ya boksi: mengine yana matundu mawili kama namba nane, sawa na waya wa redio nyingi, na mengine yana matundu matatu kama jani lenye vijani vitatu. Beba boksi lako unapokwenda dukani, usikadirie kwa macho.

Ukiamua kukata plagi ya zamani na kufunga mpya, kumbuka rangi: waya wa kahawia unakwenda upande wenye fyuzi, wa bluu upande wa pili, na wa kijani na njano kwenye mguu mrefu wa juu. Plagi nyingi zinauzwa na fyuzi ya ampea 13, ambayo ni kubwa mno kwa laptopu. Weka ya ampea 3. Chaja ya wati 65 haifikishi hata ampea 1 kutoka ukutani, basi fyuzi ndogo inatosha, na itakatika mapema kabla waya haujawaka.

KUTAFUTA PALIPOKATIKA

Maboksi mengi yana taa ndogo, na taa hiyo inasema mengi. Weka boksi juu ya meza, chomeka ukutani, usiunganishe laptopu bado. Tikisa waya mnene. Taa ikizima na kuwaka, ubovu uko kati ya ukuta na boksi. Badili waya mnene na kazi imekwisha.

Taa ikitulia, sasa kunja waya mwembamba taratibu, kidole kwa kidole, ukianzia boksini mpaka kwenye pini. Taa ikizima unapokunja mahali fulani, hapo nyaya mbili za ndani zinagusana, na boksi linajizima lenyewe ili lisiungue. Acha kutumia chaja hiyo mpaka iunganishwe upya.

Taa ya boksi ikibaki inawaka muda wote, ila laptopu ndiyo inayoonyesha umeme umeingia na kutoka, basi waya umekatika bila kugusana, au pini imechoka, au tundu limelegea. Kutenganisha hayo, shika pini kwa vidole isisogee hata kidogo ndani ya tundu, halafu mtu mwingine akunje waya. Umeme ukikata, ubovu uko kwenye waya. Kisha fanya kinyume: shika waya utulie, sogeza pini juu na chini. Ikikata hapo, ni pini au tundu. Azima chaja ya jirani iliyo ya aina ile ile na volti zile zile. Nayo ikikatakata kwenye laptopu yako, tundu ndilo lenye ugonjwa.

Kuna hali moja inayowachanganya watu. Laptopu inawaka vizuri kwa chaja, lakini betri haipandi hata asilimia moja. Inaweza kuwa betri imekufa. Lakini kama ni Dell, au HP yenye kisindano chembamba katikati ya pini, angalia kisindano hicho. Hakileti umeme wa kuendesha mashine, kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Kikipinda, au waya wake ukikatika, Dell hukataa kuchaji betri na hufanya kazi polepole. Chaja kama hiyo ina nyaya tatu ndani, si mbili.

KUUNGANISHA WAYA MWEMBAMBA

Kazi hii mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuifanya mwenyewe, kwa sababu waya mwembamba una volti 19 tu. Boksi lenyewe usilifungue kamwe. Ndani yake kuna kapasita inayotunza umeme wa zaidi ya volti 300, na inaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa ukutani. Boksi likifa, limekufa.

Chomoa ukutani. Chomoa laptopu. Ngoja taa izime kabisa.

Kata waya pande zote mbili za mahali palipokatika, uondoe kipande kibovu chote, kama sentimita tatu kila upande. Usione huruma. Shaba iliyochoka ikiachwa, itakatika tena wiki ijayo. Chuna ngozi ya nje kwa wembe bila kukata nyuzi za ndani. Utakuta nyuzi za shaba zilizosukwa kuzunguka waya mwingine wenye ngozi yake. Ule wa katikati kwa kawaida ni chanya, na nyuzi za nje ni hasi. Thibitisha kwa mchoro mdogo uliopo kwenye karatasi ya boksi: duara lenye nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa pembeni. Kama kuna waya mwembamba wa tatu, ni ule wa utambulisho. Unganisha kila waya na mwenzake wa rangi ile ile.

Kusanya nyuzi za nje uzisokote ziwe mkia mmoja. Kabla ya kuunganisha, ingiza mrija wa plastiki unaobana kwa joto, kama unao. Wengi wanaukumbuka baada ya kumaliza, na hapo hauingii tena. Kata nyaya ili maungio mawili yasikae sambamba, moja liwe juu na jingine chini kidogo, ili hata tepu ikilegea yasikutane.

Sokota shaba na shaba, halafu yeyusha risasi ya kuunganishia juu yake. Joto liende kwenye shaba, na shaba ndiyo iyeyushe risasi. Ikiyeyuka juu tu na kukaa kama tone la maji kwenye jani la yugwa, haijashika. Kama huna chuma cha umeme, fanya kama mafundi redio wa vijijini: pasha kipande kinene cha shaba kwenye makaa, ukifute, ukitumie haraka. Msumari haufai sana, risasi haiupendi. Risasi ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi nje, watoto wakae mbali na moshi, na uoshe mikono kabla ya kula.

Huna risasi kabisa? Tumia kiunganishi cha skrubu, kile cheupe kinachotumika kwenye taa za nyumba. Hakipendezi, lakini kinabana. Ni bora mara kumi kuliko kusokota na kufunga mfuko wa nailoni ulioyeyushwa kwa mshumaa. Nailoni ile inafunika ubovu tu, na ikipata joto inalainika tena.

Zungushia tepu kila maungio peke yake, kisha zungushia zote pamoja. Sasa pima kabla ya kuipa laptopu. Chomeka boksi ukutani, weka mita ya fundi kwenye volti za betri, si za ukutani. Ncha nyekundu iingie ndani ya pini, nyeusi iguse nje. Kwenye pini yenye kisindano, nyekundu iguse ukuta wa ndani wa bomba, si kisindano. Mita ionyeshe karibu na namba iliyoandikwa kwenye boksi, na isiyumbe unapokunja waya. Ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, umegeuza nyaya. Usiiingize kwenye laptopu hata kwa kujaribu.

Kama waya umekatikia ndani ya shingo ya pini, hakuna nafasi ya kuunganisha. Tafuta mkia wa chaja nyingine iliyokufa yenye pini ya aina hiyo hiyo. Mafundi wa mjini hawatupi mikia hiyo.

Laptopu mpya zenye pini bapa ndogo kama ya simu za sasa ni habari nyingine. Waya wake una nyuzi nyingi nyembamba, na chaja na mashine huzungumza kwanza kabla ya kukubaliana volti, kuanzia 5 mpaka 20. Usiukate, badili waya mzima. Lakini kabla ya kununua, zima mashine, uchungulie tundu kwa tochi. Vumbi la kiangazi na nyuzi za mfuko hushindiliwa chini kabisa, na pini haifiki mwisho. Litoe kwa kijiti cha meno cha mti, si kwa sindano.

TUNDU LA LAPTOPU

Nimeona karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kiberiti, ubani wa kutafuna na mipira ya kufungia pesa, vyote vimetumika kubana pini. Karatasi ya sigara ina alumini, inapitisha umeme, na inaweza kuunganisha chanya na hasi papo hapo. Kiberiti na mpira havileti cheche, lakini vinasukuma tundu upande mmoja mpaka risasi ya ndani inapasuka. Kilichokuwa kazi ya nusu saa kinakuwa ubao mzima.

Matundu ni ya aina mbili. Laptopu nyingi zina tundu lenye mkia wa waya unaochomekwa kwenye ubao. Hilo hubadilishwa kwa bisibisi tu, bila risasi. Nyingine zina tundu lililochomelewa kwenye ubao wenyewe, na ubao huo una tabaka nyingi za shaba zinazonyonya joto. Mtu asiye na vifaa ataung'oa mstari wa shaba pamoja na tundu. Kazi hiyo ni ya fundi. Wakati mwingine fundi mzuri ni yule anayekuambia "hii siwezi, nenda Kasese."

Kutoka Bwera mpaka Kasese ni zaidi ya kilomita 50, na nauli ni pesa. Kwa hiyo fanya vipimo vyote nilivyoeleza kabla ya kusafiri, na ukienda beba chaja pia, si laptopu peke yake. Njiani usiache pini ndani ya tundu. Barabara ikirusha, au boda ikiruka shimo, pini inafanya kazi ya wenzo na kuvunja tundu lililokuwa zima.

SWALI LA SOLA

Ndugu mmoja ameuliza: "Paneli yangu ya volti 12 nikipima juani inaonyesha volti 19 au 20. Je, siwezi kuunganisha moja kwa moja kwenye laptopu?" Hapana. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufika volti 20 na zaidi ikiwa haina mzigo, hushuka ukiipa mzigo, na wingu likipita huanguka kabisa. Laptopu inataka volti zisizoyumba. Panga njia iwe paneli, kidhibiti chaji, betri, halafu kifaa cha kupandisha volti 12 kuwa 19 kama kile cha kwenye gari. Inveta pia inafanya kazi, ila inakula sehemu ya umeme wako njiani.

KABLA YA KUMWACHIA FUNDI

Hili nalisema kama mtumishi wa jamii. Ndani ya laptopu za vikundi mna picha za vitambulisho vya familia, barua za kesi, pengine majina ya watu walioeleza mambo yaliyowapata vitani. Tundu la chaja halihitaji neno lako la siri. Fundi anaweza kuona kama umeme unaingia kwa taa ya pembeni tu. Nakili kazi zako kwenye flashi na ubaki nayo. Kama mashine ina majina ya watu wengine, toa diski kabla ya kuipeleka, au mwombe fundi aitoe mbele yako, kisha ondoka nayo. Wakati wa vita, orodha ya majina imewahi kuwa silaha, na mpaka hauko mbali.

Patana bei kabla hajafungua. Lipa nusu. Mwambie akutunzie tundu la zamani ulione. Ukija kuchukua, rudisha diski, washa hapo hapo, chomeka chaja, sogeza pini taratibu mbele yake, na ungoje dakika kumi uone asilimia ya betri imepanda ndipo umalizie nusu iliyobaki.